Joy Adamson: Wasifu wa Mwandishi wa Mazingira Usomwavyo Lodwar

Mpenzi msomaji, huenda ukashangaa kulikuta jina la Joy Adamson katika kurasa hizi. Mama huyu hakuandika kwa Kiswahili. Vitabu vyake havimo katika orodha ya vitabu teule, na mtahiniwa hataulizwa swali juu yake katika karatasi ya tatu. Hata hivyo nakuomba univumilie. Kwa mwalimu wa fasihi anayefundisha hapa Lodwar, Joy Adamson ni mgeni asiyekwepeka.

Nitakueleza nilivyokutana naye. Nilipokuwa nikisomea ualimu, mwenzangu mmoja wa bwenini alikuwa na nakala kuukuu ya Born Free, yaani aliyezaliwa huru. Aliinua kitabu hicho mbele ya wenzetu, akanielekezea kidole na kusema, "Ninyi Waturkana ndio mliomwua mama wa simba." Watu waliangua kicheko, nami nikacheka nao. Nilikuwa peke yangu kutoka Turkana katika chumba kile. Usiku huo nilikiazima kitabu na kukisoma hadi alfajiri, si kwa mapenzi ya simba, bali kwa kutaka kujua nilichekwa kwa nini. Makala haya ni matunda ya usomaji huo na wa mwingine mwingi uliofuata.

Tuanze na majina, kwa maana mhakiki wa wasifu hana budi kuuliza mhusika aliitwa nani na nani aliyemwita hivyo. Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya milki ya Austria na Hungaria na ambao leo huitwa Opava, nchini Cheki. Wazazi wake walimpa jina Friederike Victoria Gessner. Walipotengana, binti alilelewa na nyanya yake mjini Vienna, akajifunza piano, ushonaji, uchongaji na kujalidi vitabu, asipate hata kimoja cha kukaa nacho. Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarvill, Myahudi aliyeona wingu la Wanazi likitanda. Mwaka 1937 mumewe alimtuma Kenya kutazama kama wangeweza kuhamia huku. Ndani ya meli alikutana na Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea, na kufikia mwaka 1938 alikuwa mke wa Bally. Ni Bally aliyemwita Joy, maana yake furaha. Jina la Adamson alilipata mwaka 1944 alipoolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini aliyekaa Isiolo. Kwa hiyo jina ambalo ulimwengu mzima unamjua kwalo, Joy Adamson, lilitoka kwa waume wawili, wala hakuna hata silabi moja iliyotoka Troppau.

Watu wengi humjua kwa simba tu. Ukweli ni kwamba miaka yake ya mwanzo humu nchini ilikuwa miaka ya maua. Bally alifanya kazi katika makumbusho ya Nairobi, ambayo wakati huo yaliitwa Coryndon, naye alimhimiza mkewe achore mimea waliyoikusanya, kwanza katika vilima vya Chyulu. Joy hakuwa amesomea botania. Alikuwa na jicho. Aliketi mbele ya ua bichi kabla halijanyauka na kulichora lilivyo: mshipa wa jani, unywele wa shina, rangi ya chavua. Michoro yake ilipamba kitabu cha ukulima wa bustani katika Afrika Mashariki kilichohaririwa na Arthur Jex-Blake, na vitabu vingine vya maua vilivyofuata. Mwaka 1947 chama cha kifalme cha wakulima wa bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell. Simba Elsa alikuwa hajazaliwa bado.

Mwalimu mwenzangu, hapa ndipo ninapopenda kusimama kidogo na wanafunzi wangu. Sisi hufundisha kuwa mwandishi ni mtu wa maneno. Joy Adamson aliingia uandishini kwa mlango wa penseli na rangi ya maji. Alijifunza kutazama kabla ya kujifunza kusimulia, na jambo hili huonekana katika nathari yake. Maelezo yake ya kichaka, ya kijito, ya nyayo mchangani ni mafupi na yenye uhakika. Anapoanza kueleza hisia zake mwenyewe, lugha humlegea. Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza, na alitegemea sana shajara za mumewe na mikono ya wahariri. Silisemi hili kumdunisha. Nalisema kwa sababu mtahiniwa aandikaye insha kwa Kiswahili huku nyumbani akisema Kiturkana, Kidinka au Kisomali yu katika hali ile ile, na afaa kujua kwamba kuona vizuri ni nusu ya kuandika vizuri.

Tufike sasa kwenye kitabu chenyewe. Tarehe 1 Februari 1956, George alimpiga risasi simba jike aliyewashambulia, kisha akagundua kwamba alikuwa akilinda watoto watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, na mdogo wao, Elsa, akabaki. Joy na George walimlea, kisha wakafanya jambo ambalo wengi waliliona upuuzi: wakamfundisha kuwinda, wakamrudisha mwituni katika eneo la Meru. Born Free kilitoka mwaka 1960, kikafuatwa na Living Free mwaka 1961 na Forever Free mwaka 1962. Elsa mwenyewe alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa uletwao na kupe. Filamu ilitoka mwaka 1966. Sehemu kubwa ya fedha zilizopatikana Joy alizielekeza katika hifadhi ya wanyama, na mbuga ya Meru ilinufaika.

Kifani, mbinu inayobeba kitabu hiki ni tashihisi. Elsa anaona haya, anasamehe, anafanya mzaha, ananuna. Mhakiki mkali atasema kwamba huu si ukweli wa simba bali ni kivuli cha mwandishi. Mimi naona kuna zaidi. Tashihisi katika hekaya zetu humfanya mnyama awe binadamu ili tumcheke binadamu: sungura ni mjanja, fisi ni mlafi, na hakuna anayejali sungura wa kweli anakula nini. Joy aliitumia mbinu hiyo hiyo kwa kusudi lililo kinyume. Alitaka msomaji amtazame simba mwenyewe na kumhurumia. Mtahiniwa akiulizwa kutofautisha matumizi ya wanyama katika ngano na katika tawasifu ya kimazingira, huu ni mfano usiomwangusha.

Kuna kinaya kimoja ambacho wahakiki wa ng'ambo hawakukiona, pengine kwa sababu hawakai Lodwar. Kitabu kiitwacho "aliyezaliwa huru" kilipotoka mwaka 1960, hapa mjini petu palikuwa na mtu aliyezuiliwa na serikali ya kikoloni. Jomo Kenyatta aliletwa Lodwar mwaka 1959 kutoka gereza la Lokitaung, akakaa hapa hadi mwaka 1961. Wenyeji nao hawakuwa na uhuru wa kutembea. Turkana ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofungwa na kutawaliwa kwa sheria maalumu, ikiwemo ile ya mwaka 1934, na kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Katika jimbo hilo hilo la kaskazini, familia ya Adamson ilitembea na simba hadi ziwani. Imo sura katika Born Free inayosimulia safari hiyo ya miguu, na punda wa mizigo, hadi ufuo wa mashariki wa ziwa. Nasisitiza ufuo wa mashariki, maana wanafunzi wangu hupenda kudai kwamba Elsa alioga Kalokol.

Na ziwa lenyewe halikuitwa Turkana katika kitabu. Liliitwa Rudolf, jina ambalo msafiri Teleki alilibandika mwaka 1888 kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria. Fikiria: binti aliyezaliwa chini ya milki ya Austria anavuka bahari, anapita nyika ya mawe meusi, na mwisho wa safari anakutana na maji yenye jina la mwana wa mfalme wa kwao. Jina la Turkana lilikuja mwaka 1975, Joy akiwa bado hai.

Sasa niseme lile linaloniuma. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Joy alianza kuchora watu. Serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi, kabla hayajapotea. Alifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, akasafiri sana, akakamilisha mamia ya picha. Nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi, na mwaka 1967 zikazaa kitabu, The Peoples of Kenya. Waturkana wamo. Nimeziona baadhi ya picha hizo. Ni kazi ya kupendeza kweli. Udongo wa kichwani, manyoya ya mbuni, shanga shingoni, hakuna kilichokosewa kwa uvivu. Nilimtazama mzee mmoja nikahisi kwamba angenisalimu.

Lakini tazama maelezo. Katika nyingi ya picha za aina hii, msomaji huambiwa kabila, rika na pambo, na jina la mtu ni nadra. Mchoro wa ua una majina mawili ya Kilatini yaliyothibitishwa na wataalamu. Ua la jangwani tulionalo hapa kwetu, lile la waridi linalochanua mti ukiwa hauna jani hata moja, huandikwa Adenium obesum popote duniani. Mtu aliyekaa juani saa kadhaa ili achorwe huandikwa "mzee wa Kiturkana". Nilipoeleza haya darasani, mvulana wa kidato cha tatu aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kwa nini ua lina jina lake na la ukoo wake, na mtu hana hata moja?" Sijapata swali bora zaidi ya hilo la uhakiki tangu nianze kazi hii.

Nadhani jibu ni kwamba Joy hakubadilisha jicho alipobadilisha mada. Aliwaendea watu kama alivyoyaendea maua, kwa subira na heshima ya mkusanyaji anayetaka sampuli iliyo kamili kabla haijanyauka. Katika vitabu vya Elsa pia, Nuru aliyemtunza simba na Makedde askari wa wanyamapori wanapita kwa jina moja moja, wakifanya kazi, wakiogopa, wakicheka. Elsa ana utoto, ujana, uzazi na kifo. Ukimpa mwanafunzi zoezi la kuandika tena sura moja kwa nafsi ya kwanza, msimulizi akiwa Nuru, utashangazwa na yatakayotoka.

Kifo chake sasa. Tarehe 3 Januari 1980 Joy alikutwa amekufa karibu na kambi yake huko Shaba, mashariki mwa Isiolo, alikokuwa akimlea chui aliyeitwa Penny. Alikuwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 70. Habari za kwanza zilizoenea duniani zilisema ameuawa na simba. Msomaji mpenda msuko ataona jinsi habari hiyo ilivyokuwa tamu kwa waandishi wa magazeti: simba alimpa umaarufu, simba akaudai uhai wake. Haikuwa kweli. Majeraha yalikuwa ya chuma. Kijana Mturkana aliyewahi kuwa mfanyakazi wake, na aliyekuwa ameachishwa kazi, alishtakiwa na kupatikana na hatia mwaka 1981. Kwa kuwa umri wake haukuthibitika kuwa wa mtu mzima, hakunyongwa bali alifungwa kwa hiari ya rais. Alikana kwa miaka mingi. Mwaka 2004 gazeti moja la Uingereza lilimnukuu akisema kwamba kulikuwa na ugomvi kuhusu mshahara.

Sitetei mauaji, na sitaki mtahiniwa yeyote aliyetetee. Mama mzee aliuawa kikatili akiwa peke yake. Ninachokataa ni ile sarufi ya bwenini, "ninyi mliomwua". Mtu mmoja alipatikana na hatia. Katika sentensi ile alikuwa amegeuzwa kabila zima, kama vile mzee wa kwenye picha alivyogeuzwa kabila zima. Miaka tisa baadaye, Agosti 1989, George naye aliuawa na majambazi huko Kora. Majivu ya Joy yalizikwa Meru, katika makaburi ya Elsa na ya Pippa, duma aliyemlea baada ya Elsa.

Ningalipenda kuishia hapo ningekuwa nimemdhulumu, kwa sababu kitabu chake ninachokipenda si cha simba. Mwaka 1967 alipata nyumba kando ya Ziwa Naivasha, akaiita Elsamere. Ilikuwa na bustani na migunga mirefu ya manjano, na ndani yake waliishi mbega weusi kwa weupe, furukombe waliolia asubuhi, na bundi wakubwa wenye kope za rangi ya waridi. Joy aliwaandikia bundi hao na mbega hao kitabu, Friends from the Forest, kilichotoka baada ya kifo chake. Hakuna safari ndefu ndani yake, wala bunduki. Kuna mwanamke mzee, mkono wake umeharibiwa na ajali kiasi cha kutoweza tena kupiga piano, anayekaa jioni barazani akisubiri ndege watoke.

Ndugu mwalimu, mara ngapi umesahihisha insha yenye bundi? Katika fasihi yetu bundi akilia mtu atakufa kabla ya ukurasa kuisha. Tumemfanya ishara hadi tumesahau kwamba ana kope. Waridi ni mpenzi, kunguru ni mlafi, njiwa ni amani, tai ni mtawala. Ndege wetu wana kazi nyingi mno ya kuashiria hata hawapati nafasi ya kula. Katika riwaya tulizosoma, Chozi la Heri ya Assumpta Matei imejaribu kuuzungumzia msitu kama msitu, wenye miti inayokatwa na watu wanaofukuzwa. Wangari Maathai, katika tawasifu yake Unbowed ya mwaka 2006, alianza na mkuyu na kijito cha utotoni kwao Nyeri, na alijua majina ya watu waliokunywa maji ya kijito hicho. Aliiandika kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili bado tuna njaa ya vitabu vya namna hii, na njaa hiyo huanza na msamiati: mwanafunzi hawezi kumweleza ndege aliyemfahamu kama "ndege" tu.

Kwa hiyo mwaka uliopita nilitoa zoezi dogo. Niliwaomba wanafunzi waandike kurasa mbili juu ya bustani wanayoijua. Darasa lilicheka. Bustani Lodwar? Wengine walifikiri nataka nyasi na maua ya hoteli. Wawili waliosoma msingi Kakuma waliandika juu ya mboga zilizopandwa kwenye magunia kambini, maji ya kuoshea vyombo yakiwa ndiyo mvua yake. Insha ya tatu ilinifanya niiweke kalamu chini.

Ilikuwa ya binti anayetoka kando ya mto Turkwel, naye aliandika juu ya ekwar. Msomaji wa mbali, ekwar ni kipande cha miti kando ya mto au laga ambacho familia fulani ina haki nacho. Miti haikupandwa na mtu, lakini si ya yeyote tu. Wakati wa kiangazi maganda ya ewoi, yaani mgunga, yanapoanguka, ni mbuzi wa mwenye ekwar watakaoyala, na mgeni huomba. Watafiti wa misitu waliokuja Turkana miaka ya 1980 waliandika kuhusu utaratibu huu kwa mshangao, maana wengi waliotangulia walidhani miti ya nyikani haina mwenyewe. Binti yule hakuwa amewasoma. Alitaja ewoi saba za nyanya yake, moja moja: ule ulioinama, ule wa viota vya kwera, ule uliopigwa radi. Alitaja edome wenye matunda matamu, eng'ol ambao Waswahili huuita mkoma, na hondohondo anayegonga shina kila asubuhi kama mtu anayedai deni. Kisha aliandika jinsi mathenge, mti ulioletwa miaka ya themanini kuzuia jangwa, ulivyoingia ekwar ile kwa miiba yake hadi mbuzi hawapiti.

Alimaliza kwa nyanya yake akichemsha matunda ya edung, akimwaga maji machungu na kutia mengine, mara kadhaa, hadi yawe ya kulika. Mwaka wa ukame, aliandika, walikula hayo.

Nilisahihisha upatanisho wa ngeli na herufi chache. Nilipomrudishia daftari, alibaki amesimama mezani pangu. "Mwalimu," akasema, "edung kwa Kiswahili ni nini?" Tulifungua kamusi mbili za maktabani, tukatafuta hadi kengele ikalia. Mwisho nilimwambia aandike edung, bila kupigia mstari. Pembezoni, mahali alipokuwa ameandika "nyanya yangu", nilimwomba aongeze jina la nyanya, na aliliandika lote, na la baba yake nyanya.